Kichwa cha treni ndogo bado kina waranti: nikifungue au nisubiri?

Swali la msomaji: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Majengo, Moshi. Dada yangu anayeishi Ujerumani alininunulia dukani kichwa cha treni ndogo cha mvuke chenye tenda (kile kibehewa cha makaa na maji) nyuma, saizi ya HO, yaani kimepunguzwa mara 87, kipya kabisa. Ana miezi minne tangu akinunue, risiti anayo, na waranti ni miaka miwili. Kinatembea kwa kidhibiti cha kawaida cha kuzungusha. Nataka kukiwekea dekoda yenye sauti, kile kibodi kidogo cha elektroniki kinachopokea amri za kuendesha kichwa. Nataka pia kukiongezea uzito, maana kinateleza kikipanda kilima na mabehewa manne. Mwisho nataka kukipaka rangi ya damu ya mzee kama vichwa vya East African Railways, kwa sababu babu yangu alifanya kazi reli na mpaka leo hachoki kuvisimulia. Rafiki yangu mmoja anasema nikigusa skrubu moja tu waranti imekufa. Mwingine anasema waranti ya Ujerumani haimsaidii mtu wa Moshi, nifanye nitakavyo. Nimsikilize nani?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na babu msalimie sana. Rafiki zako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Skrubu haiui waranti, na umbali wa kutoka Moshi hadi Ujerumani hauifuti. Waranti inakufa siku kitu kinapoharibika na wewe huna tena namna ya kuonyesha kwamba hakikuharibiwa na mkono wako. Ukilishika hilo, kazi zako tatu zinajipanga zenyewe. Dekoda unaweza kuiweka hata mwezi huu. Uzito uuweke kwa namna ya kuutoa, tena baada ya kuchunguza kwa nini kichwa kinateleza, maana hapo nina wasiwasi. Rangi isubiri, au ipakwe kwenye bodi nyingine, yaani gamba la nje la kichwa. Nitakaa zaidi kwenye dekoda, kwa sababu vichwa vingi vinavyoletwa mezani kwangu hapa Arusha vimeungulia hapo.

Kwanza chukua karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya boksi. Utaona kichwa kimechorwa kikiwa kimelala chali, na mishale inaonyesha skrubu za kufungulia bodi. Utaona mahali pa kutia mafuta, jinsi ya kubadilisha raba za magurudumu, na kwenye vichwa vingi vya siku hizi utaona jinsi ya kuchomoa plagi ndogo na kuweka dekoda mahali pake. Kiwanda kilichokuchorea mshale kwenye skrubu hakiwezi kesho kugeuka kikasema skrubu hiyo ni mwiko. Yote yaliyochorwa humo ni matumizi ya kawaida ya kifaa. Yasiyochorwa, kama kukata, kutoboa, kulehemu na kupaka rangi, hayo umeyaanzisha wewe na utayajibia wewe.

Sasa waranti yenyewe. Sisi tumezoea risiti zilizoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ndiyo maana mtu akipewa waranti anaiona kama hisani ya mwenye duka, na hisani haidaiwi. Kule aliko dada yako kuna mambo mawili yaliyobebwa na neno hilo moja. La kwanza ni wajibu wa muuzaji kwa sheria, Wajerumani wanauita Gewährleistung, nao ni miaka miwili kwa kitu kipya awe anapenda au hapendi. La pili ni Garantie, ahadi ya hiari ya kiwanda, nayo inafuata masharti yaliyoandikwa na kiwanda chenyewe. Mtu akikwambia "masharti ya kiwanda yanakataza," mwulize anazungumzia ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu masharti ya kiwanda hayapunguzi wajibu wa duka.

Kuna jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja. Tangu Januari 2022, kwa kufuata maelekezo ya Umoja wa Ulaya, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 12 ya mwanzo inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kununua, na muuzaji akibisha ni juu yake kuthibitisha. Mwezi wa 13 mzigo unageuka, mnunuzi ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Wewe uko mwezi wa nne. Una miezi minane ambayo neno lako lina nguvu kuliko la duka. Ukiichezea mota kwa chuma cha kulehemu ndani ya miezi hiyo, unampa muuzaji mkononi ule ushahidi ambao angelazimika kuutafuta.

Lakini hata hapo, badiliko moja halifuti kila kitu. Kasoro inaangaliwa imetokana na nini. Umeweka dekoda kwenye soketi yake, baada ya wiki mbili gia ikapasuka: dekoda haipasui gia, hilo bado ni dai lako. Umekata waya za mota ukalehemu zako, kisha mota ikaungua: usitegemee mtu kukusikiliza. Waliopata vitu kutoka Marekani wana sheria yao ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kukulazimisha utumie vipuri vya jina lake tu ili waranti iendelee. Na mwaka 2018 tume yao ya biashara iliziandikia kampuni sita kuzionya juu ya masharti ya namna hiyo, yakiwemo ya stika za "ukibandua waranti imekwisha". Kwa mnunuzi wa Uingereza, siku 30 za mwanzo ana haki ya kukirudisha kitu chenye kasoro na kudai fedha yake yote. Wewe chako ni cha Ujerumani, na jina lililoko kwenye risiti ni la dada. Kwa hiyo mdai ni dada. Mawasiliano yote na duka yapitie kwake.

Rafiki yako wa pili, yule wa "haimsaidii mtu wa Moshi", ana hoja moja ya kusikilizwa: gharama ya kukirudisha. Kichwa kizito cha chuma kutoka Posta ya Moshi mpaka dukani Ujerumani, kikarudi, kikapita forodha, unaweza kujikuta umelipa kiasi cha kukufanya ujiulize ulikuwa unatafuta nini. Ndiyo maana wateja wangu nawashauri waombe kipuri badala ya kurudisha kichwa kizima. Gia, bodi ya saketi, seti ya magurudumu, vitu hivyo vinaingia kwenye bahasha, au mtu anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA anakuletea mfukoni. Maduka mengi ya treni ndogo yanapenda njia hiyo pia, kwani inawapunguzia kazi. Ila ili duka likubali kukutumia kipuri, ni lazima liamini maelezo yako, na maelezo yanaaminika yakiwa na picha na tarehe.

Nikueleze kilichomkuta mteja wangu mmoja wa Njiro. Alipokea kichwa kipya, akafurahi, na jioni ileile akakifungua. Hakikuwa na soketi ya dekoda, akalehemu waya mwenyewe. Alipokiweka relini kilitembea robo mzunguko, kikatoa harufu ile kali ya plastiki iliyoungua ambayo fundi yeyote anaijua, kikasimama. Aliponiletea tulikuta mambo mawili. Moja lilikuwa kosa lake: kishikio cha kaboni upande mmoja wa mota kilikuwa bado kinagusa chasisi, na chasisi inagusa reli, hivyo umeme wa reli ukaingia moja kwa moja kwenye mguu wa dekoda unaolisha mota. Dekoda haivumilii hilo hata sekunde. La pili halikuwa kosa lake kabisa: ekseli ya kati ilikuwa imefungwa kombo kiwandani, magurudumu yake yamebanana kuliko mengine, na kichwa kingekuwa kinaacha reli kwenye kila kona. Aliandika dukani kuhusu ekseli. Wakamjibu kwamba mtu aliyeunguza dekoda anaweza pia kuwa amepinda ekseli. Hakuwa na picha wala video ya kichwa kikitembea kabla ya kufunguliwa, hivyo hakuwa na la kuwajibu. Iliniuma, maana dai lake la ekseli lilikuwa la haki kabisa.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, kiendeshe. Kiweke relini kama kilivyotoka, bila mabehewa, nusu saa kikienda mbele na nusu saa kikirudi nyuma, mwendo wa wastani. Halafu kirudie na mabehewa. Mafuta yanasambaa, gia zinazoeana, na kama kuna kasoro ya kiwanda itaanza kuonekana. Sikiliza mlio unaorudi kila gurudumu likizunguka mara moja. Huo ni gia au ekseli. Tazama ile mikono ya chuma inayounganisha magurudumu ikiwa kuna mahali inasita. Washa taa pande zote mbili. Rekodi video kwa simu, ikionyesha kichwa kizima, upande wa chini, na namba iliyoko kwenye boksi. Video hiyo mtumie dada siku hiyohiyo ili ibaki na tarehe yake. Kama kuna kasoro, simama hapo hapo, andika dukani, wala usifungue kitu.

Na hapa narudi kwenye kuteleza kwako, kwa sababu mabehewa manne ni mzigo mdogo sana kwa kichwa cha HO chenye afya. Kabla ya kusema kinahitaji uzito, nataka uangalie mambo matatu. Pima kilima: chukua mita moja ya reli uone imepanda sentimita ngapi. Sentimita 2 hadi 3 zinavumilika, ikizidi hapo tatizo ni la kilima. Kisha futa reli na magurudumu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti kidogo. Vumbi letu la udongo wa volkano, hasa kiangazi, likichanganyika na mafuta linajenga utando mweusi juu ya reli, na utando huo unatelezesha na pia unazuia umeme. Tatu, geuza kichwa chali juu ya taulo utafute raba. Vichwa vingi vya mvuke vina gurudumu moja au mawili yenye mfereji uliovishwa raba nyembamba kama pete. Raba ikiwa imevuka, imekatika au imelowa mafuta, kichwa kitateleza hata ukipakie kilo. Kama mfereji uko wazi na ndani ya boksi hakuna raba ya akiba, huo ni upungufu wa dukani, na raba inakuja kwenye bahasha ya barua. Naamini kwa mabehewa manne utakuta jibu katika moja ya haya matatu.

Ukikuta yote ni mazima na bado unataka uzito, nenda kwa fundi wa tairi umwombe zile risasi za kubandika wanazotumia kubalansi ringi. Zinakuja kwenye utepe wenye gundi, vipande vya gramu 5 na 10, na zinabanduka bila kuacha alama. Bandika ndani ya bodi juu ya magurudumu yanayosukuma. Usiweke kwenye tenda, isipokuwa kama mota iko huko, maana tenda nzito ni behewa la tano la kuvutwa. Ongeza kidogo kidogo. Kila ukiongeza, kishike kichwa kwa kidole juu ya reli, kipe umeme kamili: magurudumu yanatakiwa kuteleza yakizunguka. Siku magurudumu yatakapoganda badala ya kuteleza umezidisha, na sasa mota ndiyo inayoumia. Baada ya dakika kumi za kazi fungua na uguse mota. Ikiwa huwezi kuacha kidole juu yake, punguza. Kuchonga chasisi au kumimina risasi ya moto ndani yake sikushauri kabisa, waranti iwepo isiwepo.

Twende kwenye dekoda. Swali la kwanza hukuliuliza: una kituo cha DCC, yaani kifaa kinachotuma amri za kidijitali kwenye reli? Umesema unatumia kidhibiti cha kuzungusha. Hicho kinapandisha na kushusha volti, kutoka sifuri hadi 12, na mwelekeo unabadilika kwa kugeuza chanya na hasi. DCC ni kitu kingine: reli ina umeme kamili muda wote, kwa HO kama volti 14 hadi 16, unaogeuka upande huu na ule kwa kasi kubwa, na ndani ya kugeuka huko kuna amri zinazosomwa na dekoda. Mfumo huo ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kikaufanya kiwango cha wote miaka ya 1990, ndiyo maana dekoda ya kampuni moja inatii kituo cha kampuni nyingine. Dekoda yenye sauti ukiiendesha kwa kidhibiti chako cha sasa itakula volti kadhaa za mwanzo kwa ajili ya kuamka tu, kichwa kitakaa kimya kisha kitaruka, na honi huwezi kuiita unapotaka. Kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua kituo kwanza, dekoda ifuate. Kituo cha Ulaya kinakubali umeme wetu wa volti 230 bila shida, ni pini tu zinazotofautiana. Cha Marekani cha volti 120 usikichomeke ukutani. Na umeme ukikatika, chomoa kabisa, usubiri ukirudi utulie. Ule mshtuko wa kurudi ndio unaomaliza vifaa.

Sasa fungua karatasi utafute aina ya soketi. Inaweza kuandikwa NEM 652, ambayo ni matundu 8 katika safu mbili za manne, au PluX22, au 21MTC, au Next18. Nunua dekoda yenye plagi hiyohiyo. Kwenye kichwa chako soketi yaweza kuwa ndani ya tenda, na kati ya kichwa na tenda kuna waya nyembamba kama nywele. Hizo ndizo za kuogopa. Usivute tenda kamwe ukiwa umeshika kichwa.

Siku ya kazi tandika taulo jeupe mezani, weka trei ya mayai pembeni, kila skrubu iende tundu lake kwa mpangilio uliofungulia. Gusa kwanza kitu cha chuma kilichoungana na ardhi, kama bomba la maji, ili mwili uache umeme tuli. Ukiinua bodi ya tenda utaona kibodi kidogo cha kijani na juu yake plagi bubu, isiyo na waya, iliyounganisha matundu kwa matundu. Ichomoe kwa kucha au kijiti, upande huu kidogo na upande huu kidogo, isije ikapinda. Itie kwenye bahasha, uandike, uiweke ndani ya boksi la kichwa. Plagi hiyo ndiyo njia yako ya kurudi: siku ukitaka kudai waranti, unachomoa dekoda, unarudisha plagi bubu, kichwa kinakuwa kama kilivyotoka kiwandani.

Kabla ya kuchomeka dekoda, chukua mita yako, iweke kwenye kupima mwendelezo, mguso mmoja kwenye gurudumu na mwingine kwenye kila mguu wa mota. Plagi ikiwa imechomolewa, mita isilie popote. Ikilia, kuna mahali mota inagusa reli, nawe umekwepa kilichomuunguzia yule wa Njiro. Kwenye kichwa kipya chenye soketi hilo halitarajiwi. Ukilikuta, ni kasoro ya kiwanda, piga picha, funga, andika dukani.

Waya za dekoda zina rangi za kawaida: nyekundu na nyeusi zinatoka relini, rangi ya chungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota, nyeupe ni taa ya mbele, ya njano ni taa ya nyuma, ya buluu ni chanya ya pamoja ya taa. Plagi ya pini 8 ina alama upande wa pini ya kwanza, na waya wa chungwa uko hapo. Waliobuni mpangilio huo walikuwa na huruma: ukiichomeka kinyume, mota inakutana na mota na reli inakutana na reli, hivyo kichwa kinatembea lakini taa haziwaki. Ukiona hivyo usitafute taa iliyoungua, geuza plagi tu.

Usikimbilie reli kuu. Kituo kina sehemu ya kuprogramu ambako umeme ni mdogo. Weka kichwa hapo, kiulize anwani. Dekoda mpya hujibu 3. Ikijibu, waya ziko sawa. Isipojibu, toa uangalie upya; kwa umeme ule mdogo kosa halijaunguza kitu.

Spika ndiyo inayowaponza wengi waliofika salama mpaka hapa. Spika bila kijisanduku nyuma yake inalia kama mbu, kwa hiyo watu wanachukua drili na kupanua sakafu ya tenda ili iingie. Subiri. Geuza tenda chali, tenda nyingi zimeshatobolewa vitundu vya sauti tangu kiwandani na nafasi ya spika imeachwa. Kama haikuachwa, tafuta zile spika ndogo za mraba zinazokuja na kijisanduku chake, uibandike kwa utepe wa gundi pande mbili. Linganisha omu za spika na zilizoandikwa kwenye karatasi ya dekoda, maana ukiweka spika ya omu chache kuliko inavyotakiwa utaunguza sehemu ya sauti. Na ukumbuke dekoda ina waranti yake, ya kampuni yake. Ile kapasita ya akiba inayozuia treni kukatika kwenye reli chafu, kwa dekoda nyingi inalehemewa kwenye bodi ya dekoda yenyewe. Ukifanya hivyo umegusa waranti ya dekoda, ya kichwa bado ipo. Mimi ningeanza na dekoda yenye waya wa kapasita uliotoka tayari.

Kabla ya yote haya, dada aandike dukani ujumbe mfupi kama huu kwa Kijerumani: "Nilinunua kwenu kichwa hiki tarehe fulani, namba ya risiti ni hii. Nataka kuweka dekoda yenye soketi hii, ya kampuni hii, kwa kufuata maelekezo yenu, bila kukata wala kulehemu. Tafadhali nithibitishieni kwamba haki zangu juu ya kichwa zinabaki." Wakijibu ndiyo, umepata karatasi yenye thamani kuliko maneno yangu yote. Wakijibu kwamba lazima ifungwe na wao, umejua mapema, unaamua ukiwa na fedha yako mkononi.

Imebaki rangi. Bodi ikishapakwa haipakuliwi ikarudi ilivyokuwa. Rangi haiharibu mota, lakini kichwa kilichopakwa hakibadilishiwi kingine kipya, na kasoro yoyote ya bodi, mshono uliofunguka au kishikio kilichovunjika, imekuwa yako. Viwanda kadhaa vinauza bodi tupu kama kipuri. Dada aulize. Ikipatikana, pakeni hiyo, ya asili ilale kwenye boksi. Isipopatikana, ningengoja angalau miezi ile minane iishe. Ukipaka, usitumie rangi ya kupuliza ya magari wala thina juu ya plastiki, itaichemsha uso. Tumia akriliki, tabaka nyembamba, asubuhi na mapema kabla upepo haujaamsha vumbi, na sakafu ya chumba uinyunyizie maji.

Babu akikagua atakuambia kuna kitu hakijakaa sawa, naye atakuwa na haki. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5, ukizidisha kwa 87 unapata kama milimita 1,435, yaani upana wa SGR. Reli aliyoifanyia kazi yeye, iliyofika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na ambayo treni ya abiria ilirudi juu yake mpaka Arusha Oktoba 2020, ni ya mita moja. Kwa kipimo hicho ingetaka reli ndogo ya milimita 12. Usijaribu kusogeza magurudumu. Hata nami reli zangu ni za 16.5.

Ila kuna jambo la rangi unaloweza kulifanya leo. Yale magarati makubwa, vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt, ya daraja la 59, yaliyojengwa na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa hadi Nairobi, yalikuwa 34 na yalipewa majina ya milima. Mawili yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na yote mawili yana majina ya milima ya huku kwetu: Gelai, ulioko Longido, na Shengena, wa Upareni. Mwulize babu anataka mlima gani. Chapisha jina kwenye karatasi nyembamba, herufi za njano juu ya damu ya mzee, ukate kibao cha urefu wa sentimita mbili, ukibandike ubavuni kwa gundi nyeupe ya shule iliyochanganywa na maji. Siku ya kukibandua, kipitishie pamba yenye maji ya uvuguvugu, kitatoka kizima.